Risasi ya mita mia tano

Hivi nyie mnaonaje: mnyama akiuawa na mtu ambaye hakuwa na namna yoyote ya kumsikia wala kumnusa, huo bado ni uwindaji? Wawindaji wa Colorado na Montana wanabishana hili miaka nenda rudi, na mnyama wenyewe ni elki.

Kwa wasiomjua, ni wa jamii ya kulungu, dume hufika kilo 300 na zaidi. Jina lake jingine, wapiti, limetoka kwa Washawnee na maana yake ni makalio meupe. (Sikutunga mimi.)

Elki wengi hupigwa ndani ya mita 300, na msituni hata 50. Mita 300 ni viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, si mchezo. Lakini leo kuna vifaa vya leza vinavyokusomea umbali papo hapo, basi video za watu wakipiga kutoka mita 700 au 800 zimejaa tele.

Haya, tupige hesabu. Bunduki ya kawaida ya .30-06 imerekebishwa ipige sawasawa kwa mita 200. Kwa mita 300 risasi imeshuka kama sentimita 25. Kwa 500, zaidi ya mita moja. Sawa, leza itakusaidia hapo. Upepo je? Upepo mdogo tu wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza pembeni nusu mita, na kule bondeni huenda unavuma tofauti na ulipolala wewe. Tena risasi inachukua karibu robo tatu ya sekunde kufika. Elki akipiga hatua moja, wewe uliyelenga mapafu umepasua tumbo. Ataondoka na jeraha hilo, akafie mbali. Video za namna hiyo hawaziweki, jamani.

Boone and Crockett, klabu aliyoianzisha Theodore Roosevelt mwaka 1887 (ndiye yule aliyeshuka Mombasa 1909, yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500), inasema kupiga kwa mbali mno kunamnyang'anya mnyama nafasi ya kutumia pua na masikio yake. Haikutaja idadi ya mita. Inauliza nia: umekuja kuwinda, au kujaribu bunduki?

Anayekubaliana nao, akiona dume ng'ambo ya bonde, hafyatui. Anashuka akinyata, upepo ukimpiga usoni, saa nzima au mbili. Mara nyingi akifika, elki wameshaondoka.