Halloween ya kihambani

Najua nimepotea wiki nzima, msije mkadhani nimedisko, nilikuwa nyumbani Kilema. Leo lekcha ya mchana imeahirishwa, nimekaa hosteli, ngoja niwape stori.

Babu yetu alifariki mwezi wa tatu, na ukoo ukapanga kukutana kwenye Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba 2024. Shangazi akapanda kutoka Dar siku chache kabla na watoto wake, na hao watoto walikuja na ajenda moja tu: Halloween! Wameiona kwenye runinga, sasa wanataka mafuvu ya karatasi yaning'inie barazani, ndani yake kuwe na pipi. Mwanachuo ni mimi, kazi ikaniangukia mimi. Na mfukoni pamekauka, boom bado halijaingia.

Bibi aliposikia neno fuvu akasema, "Hapa kwangu hapana." Hakupandisha sauti, ila tulijua imeisha hiyo.

Asiyejua Uchagani anaweza kumwona bibi mkali bure. Zamani wazee walizikwa kihambani, na baada ya muda mafuvu yao yalifukuliwa na kuwekwa mahali pa heshima penye masale. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na desturi ile ikaja kwisha, lakini fuvu mpaka leo si kitu cha kuchezea. Halafu kaburi la babu lipo kama hatua 20 tu kutoka barazani. Yule mtoto wa mwisho wa shangazi alikuwa anazunguka nyuma ya banda la ng'ombe ili asipite karibu nalo.

Basi nikawaambia watoto, Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo hata bibi anaisali. Waayalandi na Waskoti walikuwa wanachonga sura kwenye tanipu, mboga ya mizizi ya huko kwao. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga, wakahamia huko. Yaani kila mtu alitumia cha shambani kwake. Sisi kwetu kuna nini? Wote wakaitika: "Migomba!"

Tukachuna yale maganda makavu ya nje ya shina la mgomba. Yakiwa makavu usiyakunje, yatapasuka. Nyunyizia maji, funika na gunia kama nusu saa. Chana vipande vya upana wa vidole viwili. Chukua vinne, suka viwili hivi na viwili vile, hicho ndicho kitako. Kunja ncha zote juu, kisha zungusha kipande kingine ubavuni, kikipita nje, ndani, nje, ndani. Kila mzunguko anza na kipande kipya, na palipopita nje mwanzo sasa pite ndani. Malizia na kitanzi cha kuning'inizia. Chini weka karatasi ya daftari, karanga zisitoroke.

Tulitengeneza 17, tukatia karanga, visheti na pipi mojamoja. Watoto wakachora sura kwa mkaa kwenye vikaratasi na kuvibandika kwa ugali. Yule mdogo sura yake akaivika kofia. Bibi akauliza huyu nani. "Babu."

Bibi akaitazama weee... kisha akaingia ndani. Nikajua tumeharibu. Akatoka na kata ya babu, ile aliyokuwa akinywea mbege, akaijaza karanga mwenyewe na kuiweka katikati ya baraza. Akasema babu hakuwahi kula peke yake wakati watoto wapo.

Tarehe 2, baada ya sala, yule mdogo akaenda kaburini bila kushikwa mkono, akaweka karanga tatu. Kuku wakazila kabla hajageuka. Akacheka, bibi naye akacheka, na mimi tangu msiba nilikuwa sijamsikia bibi akicheka.

Haya wadau, Krismasi hiyo inakuja, mwenye mgomba ajaribu. Mimi nakwenda kukopa madaftari ya lekcha nilizokosa, semista hainisubiri. Tuko pamoja.