Uvimbe Wangu Si Uvimbe Wako

Wasee, hii posti ni ya kurekebisha kitu nilichosema vibaya.

Mwezi uliopita niliweka video nikiwa Dunga, nimevaa kaptula mara ya kwanza baada ya karibu mwaka mzima. Nikaonyesha kauvimbe kwenye paja la kushoto, juu kidogo ya goti, nikasema, "Ni mafuta tu, haina noma." Video ikatembea. Kisha dada mmoja akaniandikia: "Asante buda. Mimi pia niko nao mguuni, umekuwa mkubwa sana tangu Krismasi. Nilikuwa niende hospitali lakini sasa nimetulia."

Manze, hiyo siku sikulala. Kwenye video niliruka sehemu muhimu: nilijuaje kuwa ni mafuta. Acha niwaambie yote.

Niliugundua nikioga. Ulikuwa kama ndimu ndogo, laini, hauumi, ukiusukuma kwa kidole unateleza chini ya ngozi. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, karo imenishinda, na nyumbani nilionekana kama mtu aliyeharibikiwa. Sikutaka kuwaongezea shida nyingine. Nikanyamaza. Nikaacha kuogelea, nikaanza kujirekodi kutoka kifuani kwenda juu tu. Usiku nilikuwa nashinda Google, na ukitafuta habari za uvimbe saa nane usiku unajua utapata nini: kansa.

Na huku kwetu ziwani uvimbe si mchezo. Kuna Burkitt, ile kansa ya watoto inayofurisha taya, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Mulago, kule Kampala. Wazee wetu wameona watoto wakizikwa. Kwa hivyo dani alipouona mguu wangu hakusema kitu. Alishika mdomo tu.

Jirani akasema ni sihoho, kuna mtu mwenye jicho baya amenitazama. Nikapelekwa kwa mtu wa dawa. Wembe, chale nne, unga mweusi ukasuguliwa juu. Uvimbe ulibaki palepale. Nilichopata ni kidonda kilichotoa usaha wiki mbili. Hicho kidonda ndicho kilinipeleka hospitali. Nisidanganye eti ni akili.

Daktari alisafisha kidonda, kisha akaanza maswali. Umekuwa hapo muda gani? Unakua haraka? Unauma? Akaupima: sentimita 3. Akausukuma huku na huku, akanituma nikapigwe altrasaundi. Ni baada ya hiyo picha ndipo akanipa jina: lipoma. Ni seli za mafuta zilizojikusanya chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya kifuko chembamba. Hakuna usaha wa kukamua, ndiyo maana zile chale hazikusaidia. Kuukanda hakuuyeyushi, na kupunguza uzito hakuuondoi. Kuna familia ambazo hali hii inarithiwa. Baadaye ndiyo mjomba akatuambia ana mbili mgongoni, miaka yote hajawahi kumwambia mtu. Ukikusumbua unaweza kutolewa kwa upasuaji mdogo wa ganzi, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wangu haunisumbui, nimeuacha.

Sasa skiza. Mimi nilisema "ni mafuta tu" kwa sababu kuna mtu aliyeushika, akaupima, akaupiga picha. Yule dada hajapimwa na mtu. Uvimbe ukizidi sentimita 5, ukikua haraka, ukianza kuuma, ukiwa mgumu, ukiwa umekaa ndani kabisa na hausogei, au ukitolewa halafu urudi, usikae nao nyumbani. Hiyo haimaanishi lazima ni kansa. Inamaanisha unahitaji picha, na pengine kipande kidogo kichukuliwe kikapimwe. Kuna kansa inayotokana na mafuta, inaitwa liposakoma. Ni nadra, lakini paja ni mojawapo ya sehemu inazopenda, na inaweza kukua bila kuuma kabisa. Kwa hivyo "hauumi" peke yake si jibu.

Ile video nimeifuta. Yule dada nimemwandikia asiniamini mimi, aende hospitali alivyokuwa amepanga. Ujumbe ameuona. Hajajibu.

Kama ni wewe unasoma hii, au uko na wako umeuficha ndani ya suruali ndefu kwa hili joto la Kisumu, tafadhali usinitumie picha ya mguu inboksi. Mimi si daktari, na picha ya simu huwezi kuisukuma kwa kidole uone kama inateleza. Nitumie ujumbe ukiwa kwa foleni ya hospitali. Najua hiyo foleni ilivyo ndefu. Nitakupigia stori mpaka uitwe.