Mguu Usiguse Matope

Ninyi mnaokaa Bukavu hamna haja ya kuambiwa mvua ni nini. Huanza mwezi wa Septemba, wala haituachi kabisa mpaka Mei. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya vumbi. Yote iliyobaki ni ya matope. Na matope yetu yana tabia yake. Mji umejengwa juu ya vilima, na juu ya rasi tano zinazoingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Udongo wake ni mwekundu, wa kunata. Ukilowa saa moja huteleza kama sabuni. Ukilowa siku nyingi huanza kuteremka wenyewe, na mara nyingine huteremka pamoja na nyumba na watu waliolala ndani. Watu wa Kadutu wanalijua jambo hilo kuliko mimi.

Katika mji wa namna hii motari ndiye miguu ya watu. Nasema motari, yaani yule kijana wa pikipiki achukuaye abiria. Gari likishindwa kupanda, yeye hupanda. Mvua ikinyesha, mwenye duka hukaa chini ya bati lake na kungoja. Motari naye hungoja kidogo, kisha hutoka, maana jioni ni lazima ampelekee mwenye pikipiki pesa ya siku, imenyesha au haikunyesha.

Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, afanyaye kazi hiyo tangu mwaka 2016. Jina lake sitaliandika, kwa sababu hapendi. Jioni moja alinionyesha katika simu yake mashindano ya pikipiki ya Ulaya. Nikadhani nitaona mbio na kelele. Kumbe pikipiki zilikwenda polepole kuliko mtu atembeaye! Zilipita juu ya mawe makubwa, ndani ya mito, katika miti iliyoanguka, na kila mpanda-pikipiki alisimama wima juu ya vikanyagio vyake, hana hata kiti cha maana cha kukalia. Watu pembeni walivaa makoti mazito, pua nyekundu kwa baridi. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wakiangalia miguu.

Sheria yake ni hii. Njia hugawanywa vipande vifupi vyenye bendera, nyekundu kuume na buluu kushoto, na mtu hupita katikati. Mguu ukigusa chini mara moja, unaandikiwa alama moja ya kosa. Mara mbili, alama mbili. Mara tatu au zaidi, alama tatu. Ukianguka au kutoka nje ya bendera, alama tano. Mwisho wa siku hujumlishwa, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Katika vile vipande, atakayefika upesi hapewi kitu kwa ajili ya upesi wake.

Mchezo huu ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati watu wengi walipokuwa hawasadiki kwamba pikipiki yaweza kupanda mlima bila kuzimika. Huko Scotland yako mashindano ya siku sita, kandokando ya mji wa Fort William, nayo yana umri wa miaka zaidi ya 100. Mwaka 1965 yalishindwa na Sammy Miller, mtu wa Belfast, akipanda Bultaco ya Hispania, na ndiyo mara ya kwanza pikipiki isiyo ya Kiingereza kupata ushindi huo. Siku zetu hizi bingwa ni Mhispania, Toni Bou, ambaye tangu mwaka 2007 ametwaa ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka mpaka wenzake wamechoka. Lakini si hao walionivuta mimi. Walionivuta ni watu wa vyama vidogo vya vijijini Uingereza, ambao hufanya mashindano yao Jumapili baada ya Jumapili katika miezi ya baridi, Novemba, Desemba, Januari, katika mashamba ya watu na misitu yenye maji. Kila kipande kina mwangalizi wake, mzee au mama aliyejitolea bila malipo, asimamaye mvuani tangu asubuhi na karatasi yake na kalamu.

Nikamwuliza mpwa wangu, “Kwa nini hawangoji kiangazi?”

Akacheka. “Mjomba, kiangazi kila mtu anajua kupanda pikipiki.”

Jibu lake lilinikumbusha yale mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Nayo kwa miaka mingi yalifanywa siku za Pasaka, wakati wa masika, na matope yakawa mwamuzi. Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mara tatu, na watu walisema juu yake kwamba alijua kuhurumia gari. Basi mtu wa mbali na mtu wa karibu wameona jambo lile lile.

Kisha mpwa wangu akaitazama tena sinema yake, akasema neno ambalo sijalisahau: “Lakini mbona hana mzigo?”

Naam. Pikipiki ya Toni Bou ni ya kilo 70 hivi, tairi zake zina upepo kidogo ili zishike jiwe kama mkono. TVS au Boxer ya Bukavu hupita kilo 100 kabla hujaiwekea kitu, na nyuma yake hukaa mama, na mtoto mgongoni mwa mama, na kilo 20 za unga. Motari wetu hawezi kusimama juu ya vikanyagio apendavyo. Akikosea, haandikiwi alama tano.

Niliyaelewa maneno haya vizuri mwezi wa Novemba 2023. Habari ilitufikia kwamba dada yangu, mama yake huyo kijana, ana homa kali na kifua kinabana, huko kwao katika vilima vya Walungu. Tulitoka Bukavu alfajiri, tukapita Nyantende, tukafika Mugogo nguo zimelowa, kisha tukaiacha barabara kubwa na kushika njia ya kando. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulifika mahali ambapo njia inateremka hatua mia hivi mpaka kijito chenye daraja la magogo, halafu inapanda upande wa pili.

Kijana alizima injini, akashuka. Mama yake mgonjwa ng'ambo ile, naye akashuka kutembea! Aliteremka kwa miguu mpaka kijitoni, akitazama kulia na kushoto, akirudi mahali pamoja mara mbili. Alilitikisa kila gogo la daraja. Aliondoa jiwe moja. Alipopanda tena aliniambia, “Katikati panang'aa, ni pabaya. Nitapita ukingoni penye majani. Wewe mjomba tembea, chukua mfuko.” Wale wa Ulaya nao hufanya vivyo hivyo: kabla ya kuingia katika kipande, kila mmoja hukipima kwa miguu yake.

Tulipokuwa tukizungumza, motari mwingine alitokea nyuma na abiria wawili. Hakusimama. Alitupita kwa nguvu katikati ya njia, mahali pale panapong'aa, akashika breki ya mbele. Gurudumu lilitoka chini yake kama mtu aliyevutwa zulia. Yeye aliinuka. Abiria mmoja aliinuka. Mama mmoja mguu wake ulikuwa chini ya bomba la moshi, na mlio wake nausikia hata leo. Tulimwinulia pikipiki, tukamwosha kwa maji ya kijito. Yule kijana alikuwa akitetemeka, akisema, “Waliniambia haraka, waliniambia haraka.” Sina hakika kama alitudanganya.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Dada yangu hakuweza kutembea. Tulimketisha nyuma ya mtoto wake, tukamfunga kwa kitenge kiunoni mwa mwanawe, nami nikaenda kwa miguu nyuma, mkono wangu mgongoni mwake. Kijana alitia gia ya kwanza, klachi nusu, breki ya nyuma kidogo tu, ya mbele hakuigusa. Pikipiki ilikwenda mwendo wa mzee aendaye kuchota maji. “Mama, nishike, usiangalie chini,” alisema. Kwenye magogo hakusimama, maana gogo lililolowa halimpendi mtu asitaye. Wakati wa kupanda gurudumu la nyuma liliteleza upande, na hapo akateremsha mguu wa kushoto, mara moja tu, akaurudisha. Dada yangu alifika hospitali ya Walungu kabla ya saa sita. Ilikuwa homa ya mapafu. Alikaa humo wiki mbili akatoka mzima.

Usiku ule, tukila viazi, nikamwambia kijana, “Alama moja.” Hakufahamu mara moja, alipofahamu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nadhani hayakuwa ya kicheko tu.

Basi hapo ndipo lilipotokea wazo la kufanya na sisi. Nyuma ya mtaa wetu pako mteremko wa watu wanaofyatua matofali, ambao siku ya Jumapili hauna kazi. Mamotari wa kituo cha mpwa wangu walianza kukutana pale baada ya Misa ya pili, Jumapili ambayo mvua ilinyesha usiku wake. Kama haikunyesha, hakuna mchezo. Tulifunga vitambaa kwenye vijiti kuwa bendera. Mimi, kwa kuwa ni mzee na nina daftari, nikafanywa mwangalizi.

Msifikiri kwamba mambo yalikwenda laini. Siku ya kwanza vijana watatu waliingia kwa mbio ili wasichana wawaone, wakatoka na alama tano tano. Siku ya pili palitokea ugomvi mkubwa: mmoja alisema mguu wake uligusa jani, na jani si matope. Tukaandika sheria kwamba kosa ni kugusa kitu chochote kisicho pikipiki. Alikuja pia mtu na pesa akitaka watu waweke dau. Tukamwomba aende zake. Kisha mwenye pikipiki mmoja, aliposikia, akamkataza kijana wake, akisema chombo si cha mchezo. Sikuweza kumlaumu sana. Petroli nayo si maji, na kila Jumapili ilibidi kuchanga.

Mshindi wa majira yale ya mvua hakuwa mpwa wangu, wala kijana yeyote. Alikuwa baba wa watoto sita, mtu mkimya, ambaye kituoni walimcheka kwa uzito wake wa kwenda. Alipita vipande vitano na alama mbili. Baada ya hapo niliona kitu kidogo pale kituoni. Abiria akisema “Haraka, kijana,” wako wawili watatu wanaojibu, “Shuka kwanza, mama, nipaone.” Wengine bado hawafanyi hivyo.

Mwezi wa Februari 2025 vita vilipofika mjini, tuliacha. Hakuna aliyetaka kuwasha injini pasipo sababu, na wengine wa kituo chetu walikwenda mbali na jamaa zao. Baadaye tulianza tena, watu saba tu, na daftari lile lile.

Sasa mpwa wangu amerudia neno lake la zamani. Anasema mashindano bila mzigo ni ya Wazungu, na anataka kila mtu apite na abiria nyuma. Nimekataa katakata, maana mwangalizi ni mimi, na mimi ndiye niliyeuona mguu wa yule mama kijitoni. Tulibishana Jumapili mbili. Mwishowe tumepatana gunia la mchanga, kilo 50, lifungwe penye kiti cha abiria, na likianguka ni alama tano hata kama miguu haikugusa chini. Magunia tumekwisha kuyajaza. Yako nyumbani kwangu, chini ya bati, yakingoja mvua.