Nchi za Dunia Katika Dakika Moja

Bila shaka umeziona video fupi ambazo hupita kutoka simu moja hadi nyingine kama karanga za kuonjwa. Moja yasimulia ya kuwa Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Nyingine yacheka kwa kuwa Nauru ni nchi yenye kilomita za mraba 21 tu. Ya tatu yaonyesha ramani ambayo Greenland yaonekana sawa na Afrika, kisha yakufunulia ya kwamba Afrika ni kubwa kuliko hiyo mara 14 hivi. Maji ya chai hayajachemka nawe umekwisha kuzuru mabara manne. Mimi nazipenda. Nasema hivyo mapema usije ukadhani ya kuwa nimeshika kalamu kuzikemea, kama ilivyo desturi ya watu wazima kila waonapo kijana akicheka.

Katika pwani yetu ya Malindi na Kilifi elimu ya nchi za mbali ni kongwe kuliko madawati. Ililetwa na upepo. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakangoja kusi iyarudishe. Baharia aliyeleta tende hakuwa na budi kukaa mpaka upepo ugeuke, na muda huo wote aliulizwa maswali. Maskati kuna nini? Watu wa huko huoana vipi? Leo akiongeza chumvi, kesho baharia mwenziwe humsahihisha mbele ya watu wale wale barazani. Elimu hiyo haikuwa mchezo: mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani aliyeijua njia, aking'oa nanga mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei alikuwa Calicut.

Mwaka 2009 waya wa mawasiliano ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Bahari ni ile ile ya majahazi. Tofauti ni kuwa waya haungoji upepo, na asemaye ndani yake hakai barazani kuulizwa.

Basi wataka kujua video ya Mongolia ina uzito gani, nawe Mongolia hujafika? Pima kwanza ile isemayo habari za kwenu. Watengenezaji wa video huipenda mno hadithi ya twiga. Husema ya kuwa amiri Zheng He alitia nanga Malindi, akamchukua twiga, akampeleka China. Na hapo huonyesha picha ya kale ya mtu aliyeshika kamba ya mnyama huyo. Twiga wa Malindi ni kweli. Mwaka 1415 alifikishwa kwa mfalme Yongle pamoja na wajumbe waliotoka huku kwetu, na Wachina wakamwita qilin, mnyama wa heri katika masimulizi yao. Lakini picha ile ni ya mwaka 1414, na twiga aliyechorwa aliletwa na wajumbe wa Bengala. Tena merikebu za Zheng He zilifika Malindi baadaye, katika safari iliyoanza mwaka 1417, zikiwarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao. Mambo matatu yamesokotwa kuwa kamba moja. Wala sijaona hata moja iliyoniambia mnyama yule alikula nini njiani, nami hilo ndilo ningependa kulijua kuliko yote.

Nyingine hukosea kwa kunyamaza. Malindi ya video ni mchanga mweupe, minazi, na Mwitalia mwenye kofia. Hayo yapo, sikatai. Hata wauzaji wa vinyago ufukoni huzungumza Kiitalia kwa ufasaha wa kushangaza. Lakini ni wangapi huko nje walioambiwa ya kuwa Waitalia hao hao walisimamisha jukwaa baharini mbele ya Ngomeni, na kwamba tarehe 12 Desemba 1970 chombo kilirushwa hapo kwenda angani kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei, cha kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo peke yake? Kiliitwa Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Jina la Kiswahili lilizunguka dunia, na dakika moja haikupata nafasi ya kulitaja.

Mpwa wangu asomaye sekondari Kilifi alitaka naye kutengeneza video yake. Alimwendea mzee mmoja mvuvi, na mzee akasimulia tangu alasiri hata magharibi. Kijana alipokwisha kukata, ilibaki mashua, tanga limejaa, na kicheko cha mzee. Ilikuwa nzuri, wenzake waliisifu. Nikamwuliza alichokitupa. Akanisikilizisha: mzee akizitaja bandari kwa zamu, Kilifi, Watamu, Malindi, Mambrui, Ngomeni, Kipini, hata Lamu, na kila mahali akisema pana mwamba gani, na mgeni akishuka huko amwamkie nani kwanza. Kijana alisema hayo ni marefu, hakuna atakayeyatazama. Nilimwomba anipe nakala yake yote, bila kukata.