Chuma cha Tela Letu: Tupime Kabla ya Kulipa

Wapenzi akina mama, safari hii siandiki juu ya chanjo wala uji wa lishe. Nataka tuzungumze juu ya chuma. Najua wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya baba. Lakini kwetu Sumbawanga na katika vijiji vya Ufipa, tela la kukokotwa na ng'ombe linamgusa mama kuliko tunavyodhani. Likiharibika, mahindi na kuni hurudi vichwani mwetu. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewapokea akina mama wengi wenye maumivu ya shingo na kiuno, na nikiwauliza wanabeba nini, majibu ni yale yale. Tena masika, njia za vijijini zikigeuka tope, tela hilo hilo ndilo humfikisha mjamzito kwenye barabara ambayo gari linaweza kupita.

Tela letu la nyumbani lina ekseli ya gari kuukuu na hukokotwa na maksai wawili. Baada ya mavuno fulani lilipata ufa pale boriti ya kukokotea inapoungana na fremu. Fundi wa kuchomelea alimwambia baba watoto kwamba fremu nzima ibadilishwe. Gharama aliyotaja ilikuwa karibu fedha yote ya maharage, ambayo tulikuwa tumeitenga kwa ada ya chuo ya binti yetu.

"Baba," nilimwambia mume wangu, "kabla hatujagusa fedha ya mtoto, tujue kwanza kilichovunjika ni nini."

Akacheka. "Na wewe mama, habari za chuma utazijulia wapi?"

Nikamjibu kwamba kliniki mtoto asiyekua vizuri tunamjua kwa mizani, si kwa nguo alizovalishwa. Nilidhani na chuma ni hivyo hivyo. Akakubali twende pamoja.

Swali lake si geni huku kwetu. Wafipa wa zamani walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo wa kichuguu, yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi, na chuma kilichotoka humo walikisafisha tena katika tanuru dogo lenye mivukuto. Tanuru jipya lilihesabiwa kama bibi harusi, na kuyeyusha kulifananishwa na kuzaa. Hata hivyo, wakati wa kazi hiyo waume walijitenga na wake zao. Majembe ya madukani yalipoenea, kazi hiyo ikafa. Siku hizi chuma hutujia kwa malori, na mwiko huo haupo tena. Mama anaweza kusimama dukani na kuuliza.

Tuliporudi kwa fundi nilimwomba tulisafishe tela kwa brashi ya waya na kulikagua sehemu moja moja. Fremu kwa jumla ilikuwa nzima. Palipoumia ni shingoni tu, na kidogo juu ya ekseli. Huko ndiko mizigo inakovuta na kusukuma kila gurudumu linapoingia shimoni. Basi hatukuhitaji fremu mpya, bali kuimarisha mahali pachache. Huo ndio unafuu wa kwanza, mama: kujua mahali panapouma kabla ya kununua dawa.

Unafuu wa pili ni mizani. Chuma cha pembe, kile chenye umbo la herufi L, huuzwa kwa vipande vya mita 6. Muuzaji atakutajia upana na unene, lakini unene ndipo penye hila. Chuma cha milimita 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 3 kina uzito wa karibu kilo 11 kwa kipande. Kikiwa na unene wa milimita 2 tu, ni kilo 7 na kidogo. Kwa macho, hasa kikiwa kimepakwa rangi, vyote vinafanana. Cha milimita 50 kwa 50 chenye unene wa milimita 5 ni kama kilo 22, na chenye milimita 4 ni kama kilo 18. Andika namba hizi kwenye daftari lako la matumizi.

Katika duka moja tuliambiwa kuwa chuma ni cha milimita 3 na kwamba bei yake haina mfano. Nikaomba kipimwe kwenye mizani ya mazao iliyokuwa jirani. Mshale ulisimama karibu na kilo 8. Tulishukuru, tukaondoka. Duka la pili bei ya kipande ilikuwa juu zaidi, lakini tulipoigawanya kwa kilo tukakuta ndilo la bei nafuu. Biblia inakemea mizani ya udanganyifu; lakini hata mwenye mizani ya haki hatakusaidia usipomwomba aitumie.

Unafuu wa tatu ni namna ya kukiweka chuma. Chukua rula ya mwanao. Ilaze, uibonyeze, inapinda. Isimamishe kwa ubavu wake, uibonyeze tena, inakaza. Chuma bapa cha upana wa milimita 50 na unene wa milimita 6 kikisimamishwa hukataa kupinda zaidi ya mara 60 kuliko kikilazwa. Fedha ni ile ile, kilo ni zile zile. Kwa hiyo fundi alisimamisha chuma bapa pande zote mbili za shingo, na kwenye kona akaweka vipande vya pembetatu vilivyokatwa kutoka kwenye bamba la chuma chakavu.

Chuma chakavu ni msaada mkubwa, lakini kina masharti. Springi za gari zinavutia kwa ugumu wake, ila zikichomelewa ovyo hupasuka pembeni mwa kiungo. Nondo ni za zege. Peke yake ni nyembamba na hupinda upesi. Na ukiletewa kibao cha barabarani au chuma cha daraja, usinunue hata kama ni bure. Fedha utakayookoa itamgharimu mtu mwingine maisha njiani. Omba risiti, na ujue kilikotoka.

Kumbuka pia kwamba kuimarisha fremu hakuongezi nguvu ya ekseli, matairi wala maksai. Kila kilo ya chuma unayoongeza inachukua nafasi ya kilo ya mahindi.

Sasa naomba nizungumze kama nesi. Mafundi wakichomelea bomba lililopakwa zinki, moshi wake huweza kuwaletea homa na kutetemeka saa chache baadaye, mfano wa malaria. Mgonjwa apimwe malaria kama kawaida, lakini pia amweleze mhudumu kazi aliyoifanya siku hiyo. Zinki iondolewe kwanza kwenye sehemu ya kuchomelea, na kazi ifanyike mahali penye hewa.

Watoto nao hupenda sana kuutazama ule mwanga. Mchana huoni dalili. Usiku mtoto huamka akilia kwamba macho yana mchanga. Usimtie maziwa ya mama wala dawa ya majani. Mfikishe kituo cha afya. Bora zaidi, fundi akija nyumbani, mtume mtoto kwa shangazi yake hadi kazi iishe.

Kazi yetu ilikwisha kwa siku moja. Tulilipa chini ya robo ya ile gharama ya kwanza, na ada ya binti yetu ikaenda chuoni kwa wakati. Masika iliyofuata, usiku mmoja jirani alikuja kugonga mlango. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Baba watoto alifunga nira, mimi nikapanda na mama yule, tukampeleka hadi kwenye gari barabarani. Shingo ya tela ilivuka makorongo yote bila kulia.

Mama msomaji, mavuno yanapokaribia, keti na baba watoto mlikague tela lenu pamoja kabla halijapakiwa. Kama mnahitaji chuma, nendeni wawili, mkiwa na daftari lenye uzito unaotakiwa. Na muuzaji akisema, "Hiki ni kizito, mama," mwombe kwa heshima akiweke kwenye mizani.