Tujaribu Madirisha Kabla ya Kumlaumu Fundi

Nyumba ya matofali ikiisha kujengwa, watu huuliza kwanza: Je, paa lavuja? Dirisha halimsumbui mtu. Walakini huku kwetu Kivu mvua haianguki wima sikuzote. Upepo waisukuma, nayo yapiga ukuta ubavuni. Hapo paa jema halitoshi, kama madirisha yapitisha maji. Chokaa yabanduka, chuma chashika kutu, na mtoto akaaye karibu na dirisha akuta daftari zake zimelowa.

Kwa hiyo yafaa madirisha ya shule yajaribiwe kwa maji kabla kazi haijaisha. Wengine wadhani kwamba kumjaribu fundi ni kumtukana. Sisi twaona sivyo, maana jaribio jema laweza kumwokoa.

Katika parokia yetu tulikuwa twajenga madarasa matatu ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha ya chuma. Mvua za Septemba zilipoanza, maji yakaonekana ndani chini ya madirisha mawili. Mara wazee wa kamati wakasema: "Mtia vioo ameharibu kazi. Asilipwe fedha zilizobaki." Fundi huyo ni mzee, tena ana watoto wanaosoma. Akatuambia: "Mwalimu, nilitandika mastiki nyuma ya kioo na mbele vilevile. Angalieni kazi yangu kwanza." Tukamjibu: "Mzee, neno lako ni la haki. Tutaangalia." Na kwa kuwa daftari la matumizi lilikuwa mikononi mwetu, tuliwaomba wazee wangoje siku mbili.

Namna ya kujaribu ni hii. Mtu mmoja asimama nje na mpira wa maji. Mwenzake akaa ndani na tochi, aangalia kila ungio. Wasianze juu. Kwa nini? Kwa sababu maji ya juu hutelemka na kulowesha yote, wala haijulikani yameingia wapi. Waanze chini, pale dirisha linapokalia ukuta, kisha mbavuni, mwisho juu. Wasiwe na haraka, kwa maana maji huchukua muda kupenya. Huko Marekani kuna kanuni ya vioo visivyofunguka, AAMA 501.2: mdomo wa mpira uwe sentimeta 30 mbali na ungio, na kila meta 1.5 ipigwe maji dakika 5. Kuna na njia nyingine, ASTM E1105: hewa hupunguzwa kwa mashine upande wa ndani wa dirisha, na nje hunyunyizwa lita 3.4 kwa kila meta mraba kila dakika, ili maji yasukumwe kama kwa upepo mkali. Sisi hatuna mashine hiyo. Tulikuwa na pipa juu ya jukwaa, na mpira, na uvumilivu.

Siku ya kwanza tulifunika kioo na mastiki yake kwa plastiki na gundi, tukamwagia maji pale tu fremu inapokutana na ukuta. Hazikupita dakika nne, tone likatokea ndani. Siku ya pili, ukuta ulipokauka, tulifunika ungio la ukuta, tukamwagia kioo peke yake. Robo saa ikapita, ndani kukavu. Tukafanya vilevile kwa dirisha lingine, na jibu likawa lile lile. Wazee waliona kwa macho yao.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Nafasi kati ya fremu na matofali ilizibwa kwa simenti juu juu tu, nayo ilipasuka. Tena kizingiti cha chini kilikuwa bapa, wala hakikuwa na mfereji mdogo chini ya ukingo wake wa nje. Mfereji huo ni kitu kidogo, lakini pasipo huo maji hushikamana na upande wa chini wa kizingiti na kurudi ukutani. Ukiwapo, matone hukatika na kuanguka chini. Mwashi hakubishana. Alitoboa simenti ile mbovu, akajaza nafasi yote, akainamisha kizingiti kuelekea nje, akachonga mfereji. Ilipokauka, tulijaribu tena, na maji hayakuingia. Mtia vioo akalipwa fedha zake zote.

Kama tungalibadili mastiki tu, parokia ingalilipa mara mbili, na watoto wangalilowa vilevile. Na kama kuta zingalikwisha kupakwa lipu ndani, njia ya maji ingalifichika.

Basi ninyi mnaojenga shule mwaka huu, jaribuni dirisha la kwanza mara liishapo kutiwa na mastiki kugandamana, kabla ya kutia mengine ishirini yenye kosa lile lile. Jambo hilo liandikwe katika mapatano kabla ya kazi kuanza, kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya jaribio. Na siku ya jaribio aitwe mwashi, aitwe mtia vioo, waitwe na wazee wa kamati, wote pamoja.