SEHEMU YA 6: Printa ilisema kichwa kina hitilafu, mimi nikamlaumu binti wa watu

Najua niliahidi tuongee habari ya homa za watoto za usiku. Itakuja, msinichoke. Leo nina jambo la nyumbani kwangu, limenikaa rohoni siku kadhaa.

Mnajua naishi huku Gwata. Mwalimu akisema mtoto aje na karatasi za mazoezi, ni kupanda bodaboda mpaka Mlandizi, ukae foleni stesheneri, na umeme ukikatika unarudi mikono mitupu. Mwaka huu mwanangu mkubwa yuko darasa la nne, ana Upimaji wa Kitaifa mbele yake. Basi nikajibana, nikanunua printa ya wino, ile yenye vitangi pembeni unavyojaza kwa chupa. Watoto wa majirani wakawa wanakuja kuchapisha kwangu. Nikajiona mama wa maana kweli!

Haikupita miezi minne. Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nawasha, taa nyekundu inapepesa. Kwenye simu naletewa ujumbe kwamba kichwa cha kuchapia kina hitilafu. Nikazima, nikawasha. Ujumbe uleule.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na naona aibu kuandika, ni kuuliza kwa sauti: "Nani amechezea printa?" Dada anayenisaidia kazi alikuwa anaosha vyombo. Ni binti mdogo tu, wa miaka 19. Akasema, "Dada, mimi sijaigusa." Nikamjibu, mbele ya mwanangu, kwamba vitu haviharibikagi vyenyewe. Akanyamaza. Siku ile hakula na sisi.

Cha pili, nikamtumia mtu hela aniletee kichwa kipya kutoka Kariakoo. Shilingi 55,000. Nikakiweka, printa ikafanya kazi siku tano. Siku ya sita, taa nyekundu tena.

Sasa niambie mama. Ukija kwetu na mtoto anachemka, ukasema umeshampa mseto bila kumpima, mimi nesi ningekwambiaje? Ningekwambia homa siyo ugonjwa, homa ni dalili. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza mtu apimwe malaria kwanza ndipo atibiwe. Na mimi ninayewaambia hayo kila siku, nimenunua "mseto" wa elfu hamsini na tano bila kipimo chochote!

Jumamosi nikiwa mapumziko nikatulia. Nikampigia fundi mmoja wa Mlandizi, na nikasoma kile kitabu kilichokuja na mashine, ambacho nilikuwa nimekigeuza mkeka wa chupa za wino.

Nikajifunza kitu kilichonifurahisha kama nesi. Mwaka 1977 huko Japani, watafiti wa Canon walikuwa na bomba la sindano lenye wino. Chuma cha moto cha kulehemu nyaya kikagusa sindano kwa bahati mbaya, wino ukaruka nje. Hapo ndipo walipopata wazo. Printa nyingi za nyumbani leo zinafanya hivyohivyo: kichwa kina vitundu vidogo kuliko unywele, umeme unapasha wino joto ghafla, povu linatokea, tone linasukumwa kwenye karatasi. Kwa hiyo kichwa kinahitaji vitu viwili: umeme ufike vizuri, na vitundu visikauke. Kimoja kikikosekana, mashine inalalamika kichwa. Lakini chanzo kinaweza kuwa kwingine kabisa.

Haya, ukipatwa kama mimi, fuata mpangilio huu kabla hujatoa hela:

1. Printa ikiwa imewaka, fungua mfuniko, subiri kichwa kije katikati chenyewe. Hapo ndipo uchomoe waya. Usikivute kwa nguvu, utavunja.

2. Mulika na tochi ya simu. Mwenye watoto wadogo, angalia vizuri: kipande cha karatasi, pini, shanga. Kichwa kikikwama njiani, hitilafu lazima itokee.

3. Toa kichwa taratibu. Utaona vidoti vya rangi ya shaba, ndiyo njia ya umeme. Vyangu vilikuwa vimegandiwa na wino mkavu. Chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani, kilowanishe kidogo kwa maji ya chupa, ufute. Futa na vidoti vya upande wa mashine. Pamba hapana, inaacha nyuzi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha usithubutu, inaharibu plastiki. Na vile vitundu vya chini usivikwangue.

4. Acha vikauke dakika kumi, rudisha, washa, chapisha karatasi ya majaribio. Mistari ikikatika, tumia usafishaji wa kwenye programu mara mbili, tatu mwisho, kisha iache ipumzike hadi kesho. Kila usafishaji unakunywa wino, na kurudiarudia hakusaidii.

Nilifanya hivyo kwa kichwa kile cha zamani nilichokuwa nimekitupa kabatini. Kikawaka! Kile kipya nacho nikakisafisha, kizima kabisa. Yaani sikuhitaji kununua.

Nikampigia fundi kumshukuru. Akaniuliza swali moja tu: "Unaizimaje, dada?"

Nikamwambia nazima ukutani. Nikienda zamu ya usiku naogopa moto, kwa hiyo nazima soketi kabla ya kutoka, watoto wanalala ndani. Nilidhani ndiyo usalama. Akacheka. Akasema printa ukiizima kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia wino usikauke. Ukiikata umeme ghafla inapochapisha, kinabaki katikati, wazi. Ni kama peni ya rangi uliyoiacha bila kofia. Ongeza joto letu na vumbi la huku: wino unakauka, unavuja, unaganda.

Nikakumbuka. Jioni ile kabla ya taa nyekundu nilikuwa nimechelewa zamu, karatasi ya mwisho inatoka, nikazima soketi hapohapo. Na ile siku ya tano vilevile. Kwa hiyo ukiuliza nani amechezea printa, jibu ni mimi.

Sasa nazima kwa kitufe, nasubiri itulie, ndipo soketi. Umeme wa TANESCO ukikatika katikati ya kazi, ukirudi naiwasha kwanza, naiacha ijipange, nazima kwa kitufe. Na kila wiki nachapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote ili wino usilale.

Jioni nikamuita yule binti, palepale mbele ya mwanangu, kwa sababu ndipo nilipomsema. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea. Printa niliiharibu mwenyewe." Akatabasamu kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi nilikuona ukiizima ukutani huku inachapisha. Niliona kale kadude kamesimama katikati. Ila niliogopa kusema, ningeonekana najifanya najua."

Mama zangu, hapo nilikaa chini.

Kwa sababu mimi siumizwi na ile 55,000. Nawaza hivi: huyu ndiye anabaki na watoto wangu nikiwa wodini. Chupa za wino ziko humohumo ndani. Siku mtoto akinywa kitu, au akianguka kichwa kikagonga sakafu, nataka mtu wa kwanza kuniambia awe yeye, dakika ileile. Sasa kama aliogopa kunitajia printa, mtoto angenitajia saa ngapi? Wodini tunapokea watoto walioletwa wamechelewa, na ukiuliza vizuri unakuta kuna mtu nyumbani aliona mapema, akaogopa kugombezwa.

Chupa za wino nimezihamishia juu, kwenye kabati la kufunga. Hilo lilikuwa rahisi. Lililo gumu ni jipya nililomwambia yule binti, na ninajizoeza kulitimiza: ukiona kitu, niambie, hata kama kosa ni langu, hata kama ni lako. Sitaanza na "nani".

Juzi ameniambia nimesahau jiko na maharage yanaungua. Kwa sauti, tena mbele ya wageni. Nilifurahi kuliko siku printa ilipowaka.

Wiki ijayo ni homa ya usiku, naahidi. Laleni salama.